Ng'ombe Hana Kosa, Fomu Ndiyo Mbovu

Andika neno ng'ombe. Ndiyo, neno hilo hilo ambalo mtoto wa chekechea Loitokitok hulijua kabla hajajua jina la gavana wake. Liandike kwenye fomu ya mtandaoni, pale panapoulizwa unafuga nini, kisha ubofye Tuma. Katika mifumo mingi mno ya nchi hii utapata mojawapo ya mambo matatu. Fomu itawaka nyekundu na kukuambia umeweka herufi zisizoruhusiwa. Au itapokea kimyakimya, halafu risiti ikujie imeandikwa ng&#039;ombe. Au ukurasa mzima utaanguka na kukumwagia maneno ya Kiingereza kuhusu hifadhidata, maneno ambayo raia hakupaswa kuyaona hata siku moja.

Kisa? Ile alama inayokaa kati ya g na o. Ritifaa. Mwalimu wa Kiswahili alitukaripia tulipoisahau; sasa kompyuta za ofisi zinatukaripia tunapoikumbuka.

Nasema bila kupepesa macho: mfumo unaokataa ritifaa nchini Kenya umejengwa na mtu asiyejua kazi yake, na umepokewa na afisa aliyesaini bila kuujaribu. Na asije mtu kuniambia habari ya usalama. Usalama nitauzungumzia hapa, tena kwa kirefu, maana ndio kichaka wanachojifichia.

Kwanza tuone anayeumia ni nani. Loitokitok ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Kajiado, chini ya Kilimanjaro. Siku za soko, Jumanne na Jumamosi, utakuta Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba na Wachaga waliovuka kutoka upande wa Tarakea wakiuziana maharage, mbuzi na mitumba. Ukienda Kitengela unakuta Kenya nzima imenunua ploti. Katika umati huo wamo akina Ng'ang'a, Kang'ethe, Wang'ombe, Lang'at, Ng'eno, Nyong'o na Ong'era. Hawa si watu wa pembezoni. Gavana wa Murang'a aliyechaguliwa 2022 ni Irungu Kang'ata: ritifaa kwenye jina lake, ritifaa kwenye kaunti yake. Profesa Anyang' Nyong'o wa Kisumu anazo mbili. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka 2025, alikuwa na ritifaa pamoja na vile viwimbi juu ya u na i, ambavyo mifumo mibovu huvigeuza kuwa alama za kuuliza. Ukiishi Lang'ata, anwani yako yenyewe ni kosa.

Jina la mkubwa likiharibika, yupo katibu wa kupiga simu. Mama wa Rombo anayemwombea mwanawe basari hana katibu. Anaketi saiba, kijana wa saiba anamuuliza jina, anaandika Ng'ang'a, fomu inakataa. Kijana hashtuki; ameshazoea. Anafuta ritifaa, anaandika Nganga, inapita, anapokea pesa zake, anaita mwingine. Pale pale, bila mtu yeyote kukusudia, ofisi imezaa mtu mpya. Kitambulisho kinasema NG'ANG'A. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema NG'ANG'A. Fomu inasema NGANGA. Baadaye karani anaketi na orodha mbili, majina hayalingani, ombi linawekwa kando. Mama anaambiwa alete kiapo cha wakili kwamba hao wawili ni mtu mmoja, na kiapo kinalipiwa. Karatasi ikihitajika makao makuu ya kaunti, hebu iangalie safari yenyewe: kwa njia ya lami iliyozoeleka, kutoka Loitokitok unakwenda hadi Emali, unashika barabara ya Mombasa, unakuja kutokea Kitengela, ndipo ugeuke kusini kwenda Kajiado mjini. Nauli yote hiyo, kwa kuwa kuna fundi mahali fulani aliyeogopa alama moja.

Na basari ni afadhali. Ranchi za kikundi za huku, kama Kimana, Imbirikani na Olgulului, zimekuwa zikigawanywa ili kila mwanachama apate kipande kwa jina lake. Orodha za namna hiyo siku hizi huishia kwenye kompyuta. Jina la Kimaasai lenye "ole" likibanwa kwenye kisanduku kinachodai neno moja lisilo na nafasi, au jina la jirani lenye ritifaa likikatwa katikati, hapo hatuzungumzii tahajia tena. Tunazungumzia ardhi, na Kajiado hakuna mtu anayetania na ardhi.

Sasa tuingie jikoni kwa mafundi. Kwa nini ritifaa inaogopwa hivyo?

Hifadhidata nyingi huzungumzishwa kwa lugha moja, SQL. Katika lugha hiyo maneno ya kawaida huwekwa kati ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Fundi mvivu huunda sentensi yake kwa kuunga vipande: anachukua amri, anabandika jina ulilojaza, anafunga. Inatoka hivi: jina = 'Ng'ang'a'. Hifadhidata inasoma kwamba jina ni Ng, basi, limefungwa hapo. Kisha inakutana na ang, haijui ni amri gani, inaanguka. Kwa Ng'ang'a hiyo ni ajali tu. Mwenye nia mbaya hujaza kisanduku kwa makusudi: anafunga ritifaa mapema, halafu anaongeza amri yake mwenyewe, nionyeshe nywila zote au futa jedwali zima. Hifadhidata inatii. Haina namna ya kujua maneno ya fundi yameishia wapi na ya mgeni yameanzia wapi.

Hila hii si ngeni. Jeff Forristal aliieleza hadharani katika jarida la wadukuzi la Phrack mnamo Desemba 1998. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa ni mtu mzima mwenye majukumu yake. Hata hivyo, Oktoba 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa taarifa za wateja 156,959 kwa mbinu iyo hiyo, kupitia kurasa za zamani ilizorithi kwa kununua biashara ya kampuni nyingine kisha ikazisahau. Mwaka uliofuata mdhibiti wa taarifa akaipiga faini ya pauni 400,000. Na kwetu hapa, Januari 2012, mdukuzi mmoja wa Indonesia alichafua tovuti zaidi ya mia moja za serikali ya Kenya kwa mkupuo. Kwa hiyo simcheki fundi anayeogopa wadukuzi. Namcheka anayemfukuza Ng'ang'a mlangoni huku dirisha la nyuma liko wazi.

Ritifaa haijawahi kumwibia mtu. Kosa ni la yule aliyechanganya amri zake na maneno ya watu katika sentensi moja, na dawa ya kosa hilo ipo, haiuzwi. Fundi anaituma amri kwanza ikiwa na nafasi wazi, alama ya kuuliza mahali pa jina. Kisha analituma jina kando, peke yake. Hifadhidata inakuwa imeshaielewa amri kabla ya kuliona jina, kwa hiyo chochote utakachokiandika pale, hata amri ya kufuta dunia, kitabaki kuwa jina la ajabu tu. PHP, ambayo vijana wetu wengi huanza nayo kujifunza kutengeneza tovuti, imekuwa na chombo cha kazi hiyo, PDO, tangu mwaka 2005. Java inacho. Python inacho. Anayeunga vipande leo amechagua kuunga.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lenyewe. Mafundi wana jambo wanaloliita kueskepu: kuipa alama yenye hatari kinga, ili isomwe kama herufi ya kawaida badala ya amri. Kwa hifadhidata, nimeshasema, itumie ile njia ya nafasi wazi na usihangaike kukinga kitu kwa mkono. Lakini jina likishahifadhiwa litatoka. Litaonekana kwenye ukurasa, litaingia kwenye kiungo, kwenye SMS, kwenye jedwali la Excel, kwenye risiti. Likingwe lini? Mafundi wetu wengi hujibu: mlangoni, mara tu fomu inapopokewa, tumalize mambo. Mimi nasema wamekosea kabisa. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe alivyoliandika, na kinga iwekwe wakati wa kutoka, kila mahali linapokwenda kwa kinga ya mahali hapo.

Waliowahi kufanya kosa la mlangoni kwa ukubwa kuliko wote ni watengenezaji wa PHP wenyewe. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilikuwa na mtambo wa ndani ulioitwa magic quotes. Kila ritifaa iliyoingia iliwekewa mkwaju wa kinyume mbele yake, bila kuulizwa inakwenda wapi. Nia ilikuwa njema: kumlinda fundi mchanga asiyejua hatari. Matokeo yake mtandao ulijaa akina O\'Brien na akina Ng\'ang\'a, kisha ukurasa ulipohifadhiwa mara ya pili, Ng\\\'ang\\\'a. Mwaka 2009 wakatangaza kwamba njia hiyo inaachwa. Machi 2012, katika toleo la 5.4, wakaing'oa. Yaani waliokosea walikiri, wakabomoa, wakaendelea na maisha. Huku kwetu bado kuna watu wanaoijenga upya kwa mikono yao, na wanaiita kusafisha data. Kusafisha! Jina alilopewa mtu na nyanya yake ndilo uchafu?

Mfuate Ng'ang'a huyo ndani ya mfumo uone anavyofanywa. Jina lake lina alama nane, ukihesabu ritifaa zake mbili. Fundi wa mlangoni analipitisha kwenye kinga ya kurasa za tovuti, na kila ritifaa inageuzwa kuwa &#039;. Jina sasa lina alama 18 na linahifadhiwa hivyo. Siku nyingine Ng'ang'a anaingia kubadilisha nambari ya simu. Ukurasa wa kuhariri, ulioandikwa na fundi mwingine mwenye akili, unakinga wakati wa kuonyesha, kama inavyopaswa; kwa hiyo unamwonyesha Ng&#039;ang&#039;a. Yeye hajali, amekuja kwa ajili ya simu. Anabofya Hifadhi. Mlango unakinga tena: safari hii ni ile & inayogeuzwa kuwa &amp;, na jina linafika alama 26. Lakini aliyeunda jedwali aliweka nafasi ya 20, akiamini hakuna Mkenya mwenye jina refu zaidi ya hapo (hilo nalo ni la makala nyingine). Hifadhidata isiyo kali inakata mkia bila kusema. Kinachobaki ni Ng&amp;#039;ang&amp; na hakuna mtu duniani, hata mashine, anayeweza kusema kwa hakika mtu huyu aliitwa nani.

Hakuna mdukuzi aliyepita hapo. Hiyo ni kazi ya mlinzi.

Sasa tazama mahali jina na taarifa zake zinapokwenda, uone kama kuna kinga moja inayoweza kutosha. Kwenye ukurasa wa tovuti hatari kubwa ni alama ya <, kwa sababu ndiyo inayofungua amri za kivinjari. Oktoba 2005 kijana wa Marekani, Samy Kamkar, alipenyeza msimbo kwenye ukurasa wake wa MySpace, na ndani ya saa zipatazo 20 ulikuwa umejinakili kwenye kurasa za watu zaidi ya milioni moja, kila aliyemtembelea aliyeambukizwa naye akiambukizwa. MySpace walikuwa na vichujio mlangoni. Samy alivizunguka.

Kwenye kiungo, hatari ni nyingine. Hapo & inatenganisha taarifa moja na nyingine, na + ni nafasi tupu. Duka la pembejeo linaloitwa, tuseme, Baba & Wana likitumwa ndani ya kiungo bila kinga litafika likiwa Baba peke yake; wana wameachwa njiani. Na nambari ya simu? Sisi sote huandika +254. Ipitishe kwenye kiungo bila kinga uone: + inapotea, inakuja nafasi mbele ya 254, mfumo unasema nambari si sahihi, na mteja analaumiwa hajui kuandika nambari yake mwenyewe.

Kwenye Excel, ambako nusu ya kazi za ofisi zetu huishia upende usipende, kisanduku kinachoanza na = au + au - au @ huweza kusomwa kama hesabu ya kutekelezwa. Ile +254 inageuka namba tupu isiyo na +. Na mwenye hila anaweza kujaza kwenye fomu ya mtandaoni hesabu inayokuja kufanya kazi kwenye kompyuta ya karani miezi kadhaa baadaye, karani akifungua tu orodha yake.

Kwenye SMS hakuna lolote kati ya hayo linalohusika. Simu haijui &#039; ni nini; itaionyesha kama ilivyo, na ndiyo maana watu hupokea ujumbe unaoanza "Mpendwa Ng&#039;ang&#039;a". Hatari ya SMS ni ya mfukoni. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za alfabeti ya kawaida ya simu. Ritifaa iliyonyooka imo katika alfabeti hiyo. Ile iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima hubadilishiwa usimbaji na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu. Ofisi inayowatumia maelfu ya wazazi inalipa mara tatu na haijui ni kwa nini.

Na kwenye risiti ya karatasi? Hakuna hatari kabisa. Karatasi haitekelezi amri.

Mkulima wa Kimana hapiki nyanya shambani kabla hajajua mnunuzi. Zinapandishwa lori zikiwa nyanya. Anayetaka kachumbari atakata, anayetaka mchuzi atakaanga. Fundi anayekinga jina mlangoni kwa ajili ya ukurasa wa tovuti amelipika. SMS haiwezi kulitumia, Excel haiwezi, karatasi haiwezi, na kulirudisha liwe bichi ni kazi ya kubahatisha.

Watanijibu: basi tukinge pande zote mbili, kinga ni bora kuliko tiba. Hapana. Pande zote mbili ndizo zilizomfikisha Ng'ang'a kwenye alama 26. Tena kinga ya mlangoni inaleta kitu kibaya kuliko kutokuwa na kinga: inampa fundi usingizi. Anaona kila kilichomo ndani ni salama, kwa sababu kimepita kwake. Ni uongo. Si kila kitu huingia kwa fomu yake. Taarifa nyingine huingia kwa USSD, nyingine kwa Excel iliyoletwa na karani kwenye flashi, nyingine kwa mfumo wa ofisi jirani unaotuma moja kwa moja. Na hata kilichopita mlangoni na kuhifadhiwa salama kinaweza kuuma baadaye: maneno mabaya yanalala ndani ya hifadhidata kama jina la kawaida, hadi siku ripoti fulani ya zamani inapoyachukua na kuyaunga kwenye amri mpya. Aliyeandika ripoti ile aliambiwa data ni safi.

Kisha yuko yule wa fayawoli. Huyu hata hakingi, anapiga marufuku. Amenunua kifaa, amekiwasha na mipangilio iliyotoka nayo dukani, na kila ombi lenye ritifaa linarudishwa na ukurasa mweupe ulioandikwa 403. Ukilalamika anakuambia mfumo umezuia shambulio. Mzee wa Entarara anayetafuta kibali cha kuhamisha ng'ombe amehesabiwa kwenye ripoti ya mwezi kama shambulio lililozuiwa, na kuna mkubwa atakayepongezwa kwa takwimu hiyo.

Sisemi mlango uachwe wazi. Mlangoni kuna kazi, ila ni kazi ya aina nyingine: kuuliza kama taarifa ina maana. Tarehe ya kuzaliwa ya mwakani ikataliwe. Nambari ya kitambulisho yenye herufi ikataliwe. Nafasi tupu mwanzoni na mwishoni zipunguzwe. Na ritifaa zenyewe zisawazishwe, kwa maana sasa ziko za namna nyingi. Simu za iPhone, tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, huipinda ritifaa yenyewe bila kukuuliza; kibodi ya kompyuta ya saiba hutoa iliyonyooka; na wapo wanaobonyeza ile alama iliyo pembeni ya namba moja wakidhani ni yenyewe. Kwa jicho la mtu majina hayo matatu ni Ng'ang'a mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na anayetafutwa hapatikani. Fundi mwenye bidii huchagua umbo moja na kuyabadilisha mengine yawe hilo. Huko ni kuheshimu jina. Kulifuta ni kitu kingine.

Tuje kwenye sheria, maana kuna wanaoelewa sheria tu. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Sauti ya ng' ni ya Kiswahili na huandikwa kwa ritifaa. Ofisi ya umma inayotoa fomu isiyoweza kupokea ng'ombe, ng'ambo wala king'ora imekataa lugha rasmi ya nchi kwenye dirisha lake, na haijawahi kutunga kanuni yoyote ya kuikataa. Imeacha msimbo ufanye hivyo kwa niaba yake. Ibara ya 35 inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au yenye kupotosha inayomwathiri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai taarifa za mtu ziwe sahihi, na zisipokuwa sahihi zirekebishwe bila kuchelewa. Ng&amp;#039;ang&amp; si taarifa sahihi. Kwa nini mzigo wa kuirekebisha unabebwa na mama mwenye kiapo cha wakili mkononi, badala ya ofisi iliyoiharibu? Kamishna wa Data ana ofisi tangu 2020. Ningependa kuona malalamiko ya kwanza ya ritifaa yakifika mezani pale.

Najua vijana wanaojenga mifumo hii. Wengine wamesoma Kitengela hapa hapa, wana akili, na wakipewa muda watafanya vizuri. Wanaagizwa Jumatatu wamalize Ijumaa. Wananakili msimbo wa zamani waliokuta kwenye kozi, ulioandikwa na mtu ambaye hajawahi kukutana na jina lenye ritifaa zaidi ya O'Brien. Hasira yangu kubwa siwawekei wao. Nawawekea wanaoandika zabuni zenye kurasa nyingi za mahitaji, rangi ya nembo imo, ukubwa wa seva umo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mfumo utaweza kuandika majina ya wananchi utakaowahudumia. Nawawekea maafisa wanaoketi kwenye hafla ya uzinduzi, wakajaza fomu ya majaribio kwa jina John Doe. Nani John Doe? Ana shamba Rombo?

Kwa hiyo, afisa wa TEHAMA unayesoma haya, kabla hujatia saini cheti cha kupokea mfumo wowote, keti na fundi kwa dakika kumi. Jaza jina Wang'ombe ole Ng'ang'a. Biashara: Baba & Wana <Loitokitok>. Simu ianze na +254. Mifugo: ng'ombe. Hifadhi, fungua tena, hifadhi mara ya pili, hifadhi mara ya tatu. Kisha agiza vitu vinne: ukurasa, SMS, jedwali la Excel na risiti ya karatasi. Linganisha vyote na ulichoandika, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti hata moja, rudisha ankara bila kuilipa.